ZEBAKI KATIKA GUNIA LA MBEGU

Katika ghala la chama cha ushirika, gunia la mbegu na gunia la chakula hulala chini ya paa moja, na mara nyingi hufanana kwa ukubwa na uzito. Kinachoyatenganisha ni dawa iliyopakwa juu ya punje. Kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita dawa hiyo, katika nchi nyingi za dunia, ilitengenezwa kwa zebaki. Na zebaki hiyo ndiyo iliyoleta nchini Iraq, katika majira ya baridi ya miaka ya 1971 na 1972, msiba ambao hadi leo hutajwa miongoni mwa misiba mikubwa kabisa ya sumu katika chakula. Dawa za zebaki zimekwisha kuondolewa katika mbegu. Hali ya ghala na ya njaa iliyoufanya msiba ule uwezekane haijaondoka. Kwa sababu hiyo yafaa makatibu na wanachama waielewe sumu hii: jinsi ilivyo, kwa nini ilipendwa na wakulima, na ni kwa njia gani ilitoka katika mbegu ikaingia katika mkate.

Zebaki ni metali iliyo kimiminika katika joto la kawaida, nayo ni nzito ajabu. Lita moja ya maji huwa na uzito wa kilo 1. Lita moja ya zebaki huwa na kilo 13.6. Debe la lita 20 likijazwa zebaki lingekuwa na kilo zaidi ya 270, mzigo ambao watu wawili wenye nguvu wasingeweza kuunyanyua. Katika hali hiyo ya metali, zebaki ikimezwa hupita tumboni na kutoka karibu yote. Hatari yake kubwa ni mvuke, ambao huingia mapafuni bila kuonekana. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaochoma zebaki juu ya makaa ili kuitenga na dhahabu ndio wanaoivuta kwa wingi, na jambo hilo linastahili makala yake peke yake.

Lakini zebaki huungana na vitu vingine, na kila muungano una tabia yake. Ikiungana na salfa huwa jiwe jekundu, ambalo ndilo madini yanayochimbwa. Ikiungana na klorini huwa chumvi nyeupe, na moja ya chumvi hizo ilitumika kama dawa ya hospitali kwa karne nyingi kabla madaktari hawajaiacha. Muungano unaotuhusu hapa ni ule wa zebaki na kaboni, hasa zebaki ya methili. Mkemia wa Kiingereza Edward Frankland aliandika habari za kuitengeneza mwaka 1852. Miaka 13 tu baadaye, mwaka 1865, watu wawili waliokuwa wakifanya kazi na zebaki ya aina hiyo katika maabara ya hospitali moja ya London walipatwa na sumu, wakapoteza uwezo wa kutembea na kuona, kisha wakafa. Kwa hiyo haiwezekani kusema kwamba ukali wake haukujulikana. Ulijulikana kabla dawa yoyote ya mbegu haijatengenezwa nayo.

Kwa nini, basi, kitu cha namna hiyo kilipakwa juu ya ngano? Jibu liko katika ugonjwa wa fugwe. Vumbi la kuvu hushika juu ya punje wakati wa kupura, mbegu hupandwa ikiwa nalo, kuvu huota pamoja na mche, na wakati wa mavuno masuke huwa yamejaa unga mweusi badala ya nafaka. Katika ngano fugwe ya namna moja hutoa harufu ya samaki aliyeoza, na unga uliochanganyika nayo haununuliki. Mkulima anayepanda mbegu yenye ugonjwa huu huweza kupoteza sehemu kubwa ya mazao, naye hajui mpaka masuke yatoke. Zamani wakulima waliosha mbegu kwa maji ya chumvi, kisha kwa mrututu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walianza kuuza dawa za mbegu zenye zebaki, na zikaonekana kuwa bora kuliko zote.

Ubora huo ulikuwa wa kweli, na yafaa usemwe wazi. Dawa hizi ziliua kuvu kwa kiasi kidogo mno. Katika ngano iliyotiwa zebaki ya methili iliyopelekwa Iraq, wastani wa zebaki ulikuwa karibu miligramu 8 kwa kila kilo moja ya mbegu. Kwa hesabu hiyo gunia la kilo 100 halikuwa na hata gramu moja kamili ya zebaki, nayo ilitosha kulilinda shamba. Isitoshe, aina hii hutoa mvuke mdogo, na mvuke huo huenea kati ya punje ndani ya gunia na kuifikia hata ile ambayo mchanganyaji hakuipaka vizuri. Ilikuwa rahisi kwa bei, ilidumu juu ya mbegu, na haikuizuia kuota ikitumiwa kwa kipimo. Mashirika ya mbegu na wizara za kilimo hayakuichagua kwa ujinga. Waliichagua kwa sababu ilifanya kazi waliyoitaka.

Tabia zizo hizo zilizoifanya iwe dawa nzuri ndizo zilizoifanya iwe sumu mbaya. Hudumu, kwa hiyo joto la tanuri halitoshi kuiharibu, na mkate uliookwa una zebaki kama unga ulivyokuwa nayo. Hushika juu ya punje na kupenya, kwa hiyo kuosha hakuiondoi. Hutumika kwa kiasi kidogo, kwa hiyo mlaji haioni wala haitambui kwa ladha. Ikifika tumboni, zaidi ya asilimia 90 huingia katika damu. Huko hushikamana na viungo vya protini na kujifanya chakula cha kawaida cha mwili, na kwa hila hiyo hupitishwa katika ukuta ambao kwa kawaida huzuia sumu zisifike kwenye ubongo. Hupita pia katika kondo la nyuma hadi kwa mtoto aliye tumboni, na kutoka kwa mama anayenyonyesha huingia katika maziwa. Mwili huitoa polepole sana: nusu ya kiasi kilichomo huhitaji takriban miezi miwili kutoka. Mtu akila kila siku, basi, hujilimbikizia.

Tabia moja zaidi ndiyo iliyowadanganya watu kuliko nyingine zote. Zebaki ya methili haimdhuru mlaji siku anapoila. Hapatwi na kichefuchefu cha kumfanya aache, wala haharishi. Wiki kadhaa hupita kabla ya dalili ya kwanza, ambayo ni ganzi midomoni na kwenye ncha za vidole. Baadaye mgonjwa huyumba anapotembea kama mlevi, maneno humtoka kwa shida, macho huona mbele tu kana kwamba anachungulia kwenye bomba, na masikio huziba. Dalili hizo zinapotokea, sumu imekwisha kufanya kazi yake ubongoni, na seli za ubongo zilizokufa haziponywi kwa dawa.

Msiba wa Iraq

Iraq ilikuwa imepata mafunzo mawili kabla ya msiba mkubwa. Mwaka 1956, na tena mwaka 1960, wakulima wa huko walikula mbegu zilizotiwa zebaki, wengi wakaugua na baadhi wakafa. Kusini mwa Ghana, mwaka 1967, watu wa shamba moja la serikali walipatwa na sumu ya namna hiyo hiyo kwa kula mahindi ya mbegu. Huko Marekani, mwaka 1969, familia moja katika jimbo la New Mexico ilimlisha nguruwe makapi ya mbegu zenye dawa, kisha ikamla nguruwe huyo. Watoto wake watatu waliathirika vibaya, na mama, ambaye alikuwa mjamzito na hakuonyesha dalili, alimzaa mtoto mwenye ubongo ulioharibika. Sweden ilikwisha kuondoa zebaki ya methili katika mbegu mwaka 1966, baada ya ndege waliookota nafaka mashambani kufa kwa wingi. Habari hizo zote zilikuwa zimeandikwa. Hazikusafiri hadi vijijini.

Baada ya ukame kuharibu mavuno, serikali ya Iraq iliagiza mbegu nyingi kutoka nje: zaidi ya tani 73,000 za ngano na zaidi ya tani 22,000 za shayiri. Ngano ilitoka Mexico, ya aina fupi zenye mazao mengi ambazo wakati huo zilikuwa zikisifiwa ulimwenguni kote. Shehena iliteremshwa katika bandari ya Basra katika miezi ya mwisho ya mwaka 1971 na kugawiwa mikoani. Katika sehemu nyingi ilifika wakati wakulima wamekwisha kupanda mbegu waliyokuwa nayo.

Hapo ndipo pa kutua na kufikiri, kwa maana makosa mengine yote yalifuata kosa hilo la majira. Mkulima mwenye mbegu kabla ya mvua ana kazi nayo. Mkulima anayepewa mbegu baada ya kupanda, katika mwaka wa njaa, na nyumba yake ina watoto, anayo ngano tu. Hakuna andiko juu ya gunia linaloweza kushindana na hali hiyo kwa urahisi. Na andiko lenyewe lilikuwa la namna gani? Maonyo yaliandikwa kwa Kihispania na Kiingereza, katika nchi inayosema Kiarabu na Kikurdi. Picha ya fuvu la kichwa na mifupa miwili haikuwa na maana kwa mtu ambaye hakuwahi kufundishwa maana yake. Zipo taarifa kwamba wakulima walitakiwa watie dole gumba kukiri kwamba wameelezwa habari ya sumu. Zipo nyingine zinazosema kwamba hawakutakiwa. Iwapo madole yalitiwa, basi yalionyesha kwamba karani alitimiza wajibu wake wa karatasi, wala hayakuonyesha kwamba mtu yeyote alielewa.

Ngano ilikuwa imetiwa rangi nyekundu ili itambulike. Wakulima waliiosha, rangi ikatoka na maji, nao wakaamini kwamba sumu imetoka pamoja nayo. Lilikuwa wazo la kawaida kabisa: uchafu unaoonekana ukiondoka, kitu kimesafika. Lakini rangi ilikuwa rangi na sumu ilikuwa sumu, kila moja ikishika punje kwa njia yake. Wengine walikuwa waangalifu zaidi. Waliwalisha kuku ngano hiyo kwanza na kungoja siku kadhaa. Kuku hawakufa. Hakika jaribio hilo lingetosha kwa sumu nyingi ambazo mkulima huzijua, kama vile dawa ya panya. Kwa zebaki ya methili lilikuwa ushahidi wa uongo, maana kuku nao, kama watu, walihitaji muda mrefu zaidi kuonyesha madhara.

Wanawake wakasaga, wakaoka mikate. Unga uliochukuliwa katika nyumba za wagonjwa na kupimwa ulikuwa na wastani wa miligramu 9 za zebaki kwa kilo. Katibu anaweza kupiga hesabu mwenyewe. Mtu anayekula nusu kilo ya unga kwa siku huingiza mwilini miligramu 4 na nusu. Kwa siku sita huzidi miligramu 25, ambacho ndicho kiasi ambacho wachunguzi wa msiba huo waliona ganzi ikianza kutokea baadaye. Kiasi cha miligramu 50 kilileta kuyumba katika mwendo, na 90 kilileta kigugumizi cha ulimi. Akiendelea kwa takriban miezi miwili, hata baada ya kutoa ile ambayo mwili umeweza kuitoa, hufikia 200, na hapo vifo vilikuwa vya kawaida. Katika siku hizo zote sita za mwanzo, na katika nyingi za baadaye, alikuwa mtu mzima anayefanya kazi na kushukuru kwamba ana mkate.

Wagonjwa wa kwanza walipokewa hospitali mwishoni mwa Desemba 1971. Mnamo Januari idadi ilipanda kwa kasi, na serikali ikatoa amri mbegu zirudishwe. Inaarifiwa kwamba baadhi ya wenye mbegu waliogopa wakazitupa mitoni. Hadi mwisho wa Machi 1972 wagonjwa wapya walikuwa wamekwisha. Jumla ya waliolazwa ilikuwa watu 6,530, na kati yao 459 walifia hospitali. Hesabu hiyo ni ya waliofikishwa hospitali. Wa vijijini wasiofika hawakuhesabiwa. Wakazi wa miji hawakuathirika sana, maana wao walinunua unga wa viwandani. Waliougua walikuwa wakulima na jamaa zao, yaani wale wale ambao shehena iliagizwa ili wasaidiwe.

Madaktari wa Baghdad, pamoja na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Rochester nchini Marekani, walichunguza msiba huo na kuchapisha matokeo mwaka 1973. Waliweza kusoma historia ya ulaji wa kila mgonjwa katika unywele wake: unywele hukua karibu sentimita moja kwa mwezi na hubeba zebaki ya mwezi ule, hivyo ukikatwa vipande vidogo huonyesha ni lini mtu alianza kula na lini aliacha. Kwa njia hiyo ilithibitika jambo lililoshtua zaidi kuliko idadi ya vifo. Akina mama waliokuwa wajawazito wakati wa kula, ambao wenyewe walipatwa na ganzi kidogo tu au hawakupatwa na lolote, walizaa watoto waliochelewa kutembea na kusema, na wengine vipofu au wenye kupooza. Kiasi kinachovumiliwa na mama hakivumiliwi na ubongo unaojengwa.

Baada ya Iraq, mlango ulifungwa polepole. Jumuiya ya nchi za Ulaya ilipitisha katazo la dawa za mimea zenye zebaki mwaka 1978, ingawa liliacha nafasi kwa matumizi machache kuendelea kwa miaka kadhaa. Mkataba wa Rotterdam wa mwaka 1998 uliweka michanganyiko ya zebaki itumiwayo kama viuatilifu katika orodha ya bidhaa zisizosafirishwa kwenda nchi nyingine bila nchi hiyo kuarifiwa na kukubali kwanza. Mkataba wa Minamata, uliotiwa saini nchini Japani mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza viuatilifu vya zebaki. Jina la mkataba huo ni la mji wa wavuvi wa Japani ambako zebaki ya methili iliyomwagwa baharini na kiwanda iliingia katika samaki na kuwaua walaji. Ugonjwa wao ulitangazwa rasmi mwaka 1956.

Mbegu za leo ghalani

Mbegu za mahindi zinazofika katika vyama siku hizi huwa nyekundu, waridi, kijani au buluu, na hazina zebaki. Zina dawa nyingine za kuzuia kuvu, kama thiramu na metalaksili, na mara nyingi na dawa ya wadudu juu yake. Lindani, iliyochanganywa na dawa za mbegu kwa miaka mingi, iliingizwa mwaka 2009 katika orodha ya sumu zinazopigwa marufuku na Mkataba wa Stockholm. Dawa za sasa hazijilimbikizi ubongoni kama zebaki ya methili. Hata hivyo ni viuatilifu, na hakuna hata moja iliyopimwa kwa ajili ya kuliwa katika ugali. Kuosha hakuzifanyi kuwa chakula, wala kuzikoboa, wala kuzichanganya na mahindi safi ili rangi ipungue. Ni vema pia mwanachama asiitegemee rangi kupita kiasi. Rangi huchujuka kwa jua na unyevu, nayo dawa hubaki. Na katika mbegu iliyotiwa dawa ya unga kijijini rangi huenda isiwepo kabisa.

Kazi kubwa ya katibu huanza kabla gunia halijafika. Oda ya mbegu ikichelewa kwa Chama Kikuu, mbegu huja baada ya mvua, na chama hubaki na akiba isiyo na shamba katika miezi ambayo maghala ya nyumbani ni matupu. Mbegu iliyochelewa kwa namna hiyo iandikwe katika daftari kwa idadi ya magunia na kilo, ifungiwe mbali na chakula, na mpango wa kuirudisha kwa muuzaji au kuitunza kwa msimu ujao ufanywe na kamati mara moja, wala usiachwe mpaka mkutano mkuu. Isigawiwe kwa wanachama kama fidia ya deni, na isiuzwe kwa mfugaji wa kuku au nguruwe hata akiapa kwamba ni ya mifugo. Habari ya New Mexico imekwisha kuelezwa. Mbegu iliyoharibika isitupwe mtoni wala kuchomwa jikoni. Afisa ugani aitwe, aelekeze.

Onyo lisomwe kwa sauti siku ya kugawa, kwa Kiswahili na kwa lugha ya mahali, mbele ya wanawake, kwa kuwa wao ndio wanaoamua kinachoingia katika chungu. Saini ya mwanachama katika daftari la mbegu itiwe baada ya yeye mwenyewe kusema kwa maneno yake kwamba mbegu hii ni ya kupandwa tu, na atakachofanya na ile itakayobaki. Karani atalalamika kwamba kazi inachelewa, na kweli itachelewa, pengine kwa nusu saa katika foleni ya watu thelathini.

Yako pia magunia matupu. Gunia zuri halitupwi kijijini. Hutiwa maharage, hutandikwa chini wakati wa kuanika mahindi, hushonwa kuwa pazia la bafu. Lile lililobeba mbegu yenye dawa lina vumbi la dawa hiyo katika kila uzi. Lirudishwe chamani, lihesabiwe kama mali nyingine inavyohesabiwa, na likatwe kwa kisu mbele ya mtunza ghala kabla ya kutolewa kwenda kuharibiwa.